Birthday ya binti wa miaka 15: ukumbi au mabembea? (jibu refu, mtanisamehe)

Dada wa Milton Keynes, nimesoma swali lako na majibu ya wadau wote, naona nusu wanakuambia umlazimishe tu binti eti akishafika ukumbini atachangamka. Kwa wanaopita haraka, binti yake anatimiza 15 Agosti, wifi mtu ameshaanza kuulizia ukumbi na MC, binti hataki, anataka apelekwe kwenye rola kosta, yale mabembea makubwa ya vigari vya relini vinavyopanda juu na kuteremka kwa kasi, na juu ya yote mama mkwe yupo hapa Uingereza kutoka Tanga na haijulikani huko kwenye mabembea mtamweka wapi. Mimi nipo Reading, hayo yote nimeyapitia na mama mkwe wangu nae ni wa hukohuko Tanga, kwa hiyo ngoja nikumwagie ninavyojua.

Kwanza huyo binti muelewe. Hizi sherehe zetu za ukumbini ukiziangalia vizuri mwenye birthday ndo anafanya kazi kuliko wote. Anaingizwa kwa muziki watu wote wamenyanyua simu, anakalishwa mbele kwenye kiti cha mapambo peke yake, MC anamtania mbele za watu, halafu inakuja ile ya kulisha keki, anaitwa baba mkubwa, anaitwa mama mdogo, anaitwa shangazi wa Leicester ambae mara ya mwisho alimuona akiwa na pempasi, analisha mmoja mmoja na mpiga picha anamwambia rudia mama hiyo haijatoka vizuri. Mtoto wa miaka 6 anafurahi kweli. Wa 15 anatamani ardhi ipasuke. Wa kwangu alipokataa baba yake alinuna siku mbili tatu, akasema mtoto kashaingiwa na uzungu hataki ndugu, kumbe ndugu anawapenda sana tu, kinachomshinda ni kuangaliwa. Kwenye mabembea ndugu wote wapo lakini macho yote yapo juu kwenye chuma, hakuna anaemuangalia yeye. Ndo maana anapataka, na mimi naona ana haki.

Sasa mkishakubaliana, sehemu yenyewe ya mabembea. Legoland ya Windsor usithubutu, ile ni ya watoto wadogo, ukimpeleka wa miaka 15 hatakusemesha mpaka Krismasi. Alton Towers ni nzuri sana, kule kuna rola kosta inaitwa Smiler inayokupindua kichwa chini mara 14, toka 2013 haijapata mpinzani, lakini kutoka kwenu na bibi ndani ya gari ni safari, labda mlale hukohuko. Kwa umri huo mimi nasema Thorpe Park. Ipo Surrey, imejengwa kwenye mashimo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji, ndo maana unavuka daraja juu ya ziwa kuingia, ipo toka 1979. Kwenu Milton Keynes mnashuka na barabara kuu ya M1 mnashika M25, mnatokea junction 13 au 11. Wanaokuja na treni washuke Staines, pale kuna basi namba 950 linaloenda moja kwa moja getini.

Pale kuna rola kosta ya Hyperia, ilifunguliwa Mei 2024, mita 72 kwenda juu, ndo inayokwenda juu kuliko zote Uingereza, kabla yake sifa ilikuwa kwa ile ya Blackpool toka 1994. Inakwenda kama kilomita 130 kwa saa. Kuna Stealth, hiyo haikupandishi polepole kwa mnyororo kama tulivyozoea, unakaa umetulia mnaangaliana halafu inakurusha, kutoka umesimama mpaka kilomita 129 kwa saa ndani ya sekunde kama mbili, unapanda wima, mita 62 na ushee, unashuka, imeisha. Baba watoto alipanda hiyo kwa kujionyesha. Alishuka akasema ya kawaida tu, akaenda kukaa karibu na mama yake, hakuomba kupanda nyingine mpaka jioni. Colossus ya 2002 nayo ndo ilikuwa ya kwanza duniani kupindua watu mara 10, ila imezeeka inatikisa, kama una matatizo ya shingo iache.

Kabla ya kwenda pima watoto wote nyumbani ukutani bila viatu. Hyperia wanataka mita 1.30, Stealth na Colossus 1.40, na hawana mjadala. Mdogo wake binti yangu alikuwa na nywele zake za afro kazichana zimesimama, kafika kwenye ule ubao wa kupimia kavuta shingo, kavuta pumzi, mdada wa pale akaweka kiganja juu ya nywele akazibonyeza taratiiibu mpaka kikafika kichwani, akacheka, akamwambia mwakani. Machozi yalimlengalenga. Ungekuwa umempima nyumbani anajua mapema zipi zake zipi si zake, kilio kinaishia jikoni kwako.

Marafiki. Mwambie aalike lakini kundi lao liwe la idadi ya shufwa, wawili, wanne, sita. Viti vya hizi rola kosta nyingi ni wawiliwawili, wakiwa watano kuna mmoja atakaa na mzee asiemjua kila mara na mara nyingi anakuwa yuleyule mpole wa kundi. Kama binamu yake wa Coventry anakuja muhesabu humohumo.

Halafu waacheni waende. Hapa ndo wazazi wa Kiswahili tunapotia mchanga kwenye pilau, tunataka tuzunguke watu kumi na moja kwa pamoja kama tunasindikiza harusi, mmoja akienda chooni wote tunasubiri. Sisi tuliweka kambi moja, binti na wenzake wakaondoka, sharti simu ziwe na chaji na saa saba mchana wawepo kula. Wazazi tukabaki na wadogo na bibi. Makoti, miwani, simu, mikoba, vyote vinaachwa kambini maana kwenye mabembea makubwa huruhusiwi kupanda na kitu kinachoweza kuchomoka, na locker za kulipia zinakula hela kidogokidogo ukija kujumlisha unashangaa. Mama mkwe alikaa na simu nne mapajani, kila ikiita anapokea. Rafiki mmoja wa binti, mtoto wa Kipolandi, mama yake alipiga akaongea na bibi dakika nzima kwa Kiswahili na Kipolandi na wakaelewana, sijui walielewana nini.

Tuje kwa bibi sasa maana naona ndo wasiwasi wako mkubwa. Asibaki nyumbani. Kuna waliokushauri umwache na tamthilia, mimi sikubaliani, yeye katoka Tanga kuja kuwaona wajukuu sio kuona sofa. Ila jipange. Nae anahitaji tiketi hata kama hapandi kitu, na kutembea ni kwingi, wa kwangu magoti yanamsumbua tukaenda na kiti cha magurudumu cha kukunja, alikikataa nyumbani, akakikataa kwenye maegesho, tulipovuka daraja akasema haya leteni. Ukishavuka tu daraja kuna jengo kubwa wanaliita Dome, vyoo vipo, viti vipo, mvua ikija mnajificha. Mbebee koti zito hata kama ni Agosti, upepo wa lile ziwa haujui mwezi.

Wa kwangu alifika chini ya Hyperia akasimama kuangalia, akaona watu wanapandishwa mpaka juu kabisa, wanadondoshwa, wanapinduliwa, wanapiga kelele. Akauliza, "Hawa wamekosa nini?" Nikamwambia mama hawajakosa, ni mchezo. "Na wamelipa?" Wamelipa mama. "Hasha." Halafu akamuona binti yetu kwenye foleni akapaza sauti "mke mwenzangu weee, rudi, usiniachie mume peke yangu!" Binti akafa kwa kicheko, na sisi pia. Hiyo kelele ukumbini ingemuudhi, pale nani anasikia, watu wote wanapiga kelele.

Na ile mila ya kumwagia maji mwenye birthday. Binamu zake walishabeba chupa, nikawaambia acheni uhuni mtatolewa, kuna Tidal Wave. Ni mtumbwi unapanda juu mita 26 hivi unateremka kwenye bwawa na wimbi linalonyanyuka linamlowesha kila mtu, mpaka waliosimama darajani. Wakamweka kiti cha mbele. Alishuka pale anachuruzika mpaka soksi, na wote waliopanga kummwagia wamelowa vilevile. Beba nguo za kubadili, beba taulo, zaidi beba soksi maana viatu vilivyolowa siku nzima ndo vinaharibu siku.

Nywele, dada zangu. Wigi livue uliache kambini, lace hata ungebandika kwa gundi gani usiende nalo Stealth, vaa kilemba cha kubana. Kwa hijabu vaeni ile ya kuvuta isiyo na pini, ncha zote ziingizwe ndani ya koti, kitu chochote kinachoning'inia watakuambia ukitoe au ukichomekee.

Chakula unaruhusiwa kuingia nacho, ila chupa za kioo na pombe hapana, na begi zinakaguliwa getini kwa hiyo kisu cha keki kiache. Sisi keki tulikata jana yake usiku nyumbani, watu wa ndani tu, alilisha watu sita akaishia hapo, baba yake akaridhika. Pale tukaenda na keki ndogondogo za vikombe, hazihitaji kisu wala sahani. Pilau lilipikwa alfajiri likaingia kwenye hotpoti kubwa, kachumbari mbali, kababu, chapati zimekunjwa kwenye foili. Saa saba ilipofika wale watoto walirudi wanakimbia kama hawajala toka Idd, marafiki wazungu wanauliza kuna pilau tena? Chips na baga za mulemule zipo lakini kwa familia kubwa mtalipa sana kwa kitu ambacho hata hamtakisifia.

Foleni ndo adui, hasa Agosti shule zimefungwa. Kama binti hang'ang'anii tarehe yenyewe subirini wiki ya kwanza ya Septemba, shule nyingine zinakuwa zimerudi na nyingine bado, chungulieni kalenda ya shule yenu, mkibahatika siku ya katikati ya wiki mtapanda mpaka mchoke, na bibi ataiwahi kabla hajasafiri. Kama lazima iwe Agosti basi siku ya katikati ya wiki, mfike kabla geti halijafunguliwa, saa nne asubuhi kasoro muwe mmeshasimama, na watoto waanze na Hyperia moja kwa moja wasiishie kwenye yale ya mlangoni ambako kila mtu anasimama. Programu yao ya simu inaonyesha kila foleni ina dakika ngapi. Zile tiketi za kuruka foleni, Fastrack, msinunulie kila mtu kila kitu, ni ghali, mnunulieni mwenye birthday na mwenzake mmoja kwa yale mawili anayoyataka zaidi, iwe ndo zawadi yake. Na wajue mapema kuwa mashine kubwa yoyote duniani huwa inasimama, ikipiga upepo mkali au radi wanafunga, hiyo si ya kugombana na mtu.

Tiketi nunua mtandaoni mapema, getini ni bei juu. Kama mna mpango wa kwenda tena na kupita Chessington au Alton Towers, pigeni hesabu ya pasi ya mwaka ya Merlin maana zote hizo ni kampuni moja, lakini soma vizuri, zile za bei nafuu zina siku ambazo hazikubaliki na nyingi ni za likizo, yani haohao Agosti.

Picha, hakuna kurusha status mpaka binti apitishe. Wa kwangu alifuta karibu zote akabakisha moja ya kutoka kwenye mashine, wamefumba macho midomo wazi, hiyo ndo aliyoitaka na hiyo ndo ipo sebuleni.

Wifi yako mwambie hela ya MC, mpambaji na ukumbi ukiijumlisha inatosha tiketi za wote na mafuta ya gari, na yeye aje, akikataa kupanda atashika simu na bibi. Hotpoti ninalo kubwa la kulisha watu ishirini, kama mtapitia Reading njoo inbox nikuazime, ila lirudi na mfuniko wake.