Kabla ya ile dawa nyekundu, pima moyo kwanza

Sisi tuliotibiwa saratani ya matiti tunaijua ile dawa nyekundu. Rangi yake ni kama soda, na ukienda msalani jioni yake unashtuka, mkojo nao umegeuka. Jina lake ni doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Mimi nilipata dozi 4, moja kila wiki 3. Nilijiandaa kwa kichefuchefu, nikanyoa nywele mapema zisinitoke kwa aibu. Moyo sikuuwaza hata kidogo.

Kabla ya dozi ya kwanza daktari aliniandikia eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Nilitaka kuikwepa. Pesa ya dawa nilikuwa nimeichangisha kwa jamaa, na moyo haukuwa unaniuma. Akakataa katakata: hakuna karatasi ya eko, hakuna dripu. Nikapima, nikapewa namba 64, nikaitia kwenye faili bila kuuliza maana yake.

Maana yake niliijua baadaye. Ni asilimia ya damu ambayo chumba kikubwa cha kushoto cha moyo husukuma nje kila kinapopiga. Hata moyo wenye afya hausukumi damu yote. 55 kwenda juu kwa kawaida ni sawa.

Miezi michache baada ya dozi ya mwisho nikaanza kupumzika njiani nikipanda kilima kutoka Wandegeya kwenda hospitali ya Mulago, hapa Kampala, njia ambayo zamani niliipanda huku napiga simu. Usiku nikaongeza mto mmoja. Wifi yangu akasema, "Wifi, kemo imekumaliza damu," akaniletea bitiruti na mboga ya dodo. Nilikula vyote, na vilikuwa vitamu. Kwenye kliniki moja ya mtaani nikapewa dawa ya malaria bila hata kutobolewa kidole. Mganda, Mnubi, Mkongo, sote tukichoka tunaambiwa malaria.

Niliporudi kliniki ya saratani, musawo, yaani daktari, hakubishana nami. Akaagiza eko nyingine: 51.

Hebu fikiria 51 hiyo ikiwa peke yake. Mtu angeweza kusema si mbaya, mama, nenda nyumbani ukapumzike. Lakini pembeni yake kulikuwa na ile 64. Pointi 13 zilikuwa zimepotea, na ile karatasi niliyotaka kuikwepa ndiyo iliyosema.

Dawa hii huumiza seli za misuli ya moyo, na hizo si kama nywele. Zikifa, moyo hauoteshi nyingine kwa urahisi. Tena madhara hujilimbikiza dozi juu ya dozi, ndiyo maana madaktari hujumlisha miligramu zote ulizowahi kupata maishani. Mimi nilifika 240 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Hatari hupanda sana mtu akivuka 400, ila aliye chini ya hapo hajasalimika moja kwa moja, hasa mwenye presha, mwenye umri mkubwa au aliyewahi kuchomwa mionzi kifuani upande wa kushoto. Mabadiliko mengi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, na mwanzoni huenda usisikie chochote. Baadhi ya mashine za eko hupima hata jinsi misuli inavyojikunja; kipimo hicho huweza kushuka kabla ile asilimia haijatikisika. Uliza kama mashine ya hapo inaweza. Kipo pia kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia.

Anayepewa trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya matiti, hiyo ni habari nyingine: nguvu za moyo mara nyingi hurudi dawa ikisimamishwa, lakini eko hufanywa kila miezi 3.

Dada, usiache kemo kwa sababu ya maneno yangu. Saratani haingoji. Dai eko ya kwanza, toa nakala, picha yake iwe kwenye simu. Ukiona miguu imevimba, moyo unakimbia umekaa tu, au huwezi kulala chali, sema siku hiyo hiyo. Pale Mulago Taasisi ya Saratani na Taasisi ya Moyo ni majirani. Na kama unakunywa mitishamba, itaje, hata kama musawo atakunja uso.

Mimi nilianzishiwa dawa za moyo, enalaprili na kavedilo, mapema, na wanaoanza mapema ndio wanaopona vizuri zaidi. Eko yangu ya mwisho ilisoma 58. Kile kilima bado nasimama mara moja, karibu na yule mama anayechoma mahindi, na siku nyingine ni mahindi tu yanayonisimamisha.