ULIZA FUNDI: Land Rover ya zamani kuwa trela, breki zitatoka wapi?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mkulima wa viazi huku Nyahururu. Niko na Land Rover 109 aliyoniachia marehemu baba, injini ilikufa kitambo na mbele kumeoza, lakini bodi ya nyuma iko sawa kabisa. Nataka nikate mbele, nibaki na nyuma pamoja na ekseli yake, niivute na Hilux mpaka Nakuru sokoni. Fundi wa jua kali wa hapa ananiambia breki si shida kwa sababu ekseli tayari iko na drumu zake. Ni kweli? Na polisi je?

JIBU: Pole kwa baba, ndugu yangu, na vizuri hukutaka gari yake iende kwa watu wa vyuma chakavu. Bodi imebaki nzuri kwa sababu ni ya aluminiamu, lakini chesisi ni chuma, kwa hivyo kabla ya kitu kingine lala chini yake na nyundo ugonge pole pole kote kote, mahali sauti inakuwa nzito ama kutu inamwagika ujue hapo hapawezi kubeba viazi.

Sasa breki. Drumu ziko, ni kweli, lakini hizo ni za mafuta, na mafuta yalikuwa yanasukumwa na masta silinda ya mbele ambayo unaenda kuikata. Alafu kuna kitu wengi hawajui: handibreki ya hizi Land Rover za zamani haiko kwa magurudumu, iko kwa drumu ndogo nyuma ya giaboksi, inashika propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwa magurudumu. Ukishakata mbele handibreki imeenda na giaboksi, na trela yako haina kitu cha kuishikilia ikiegeshwa kwa mlima, hata ukichungulia ndani ya drumu za nyuma hutapata wenzo wa kufungia kebo.

Na wewe unahitaji breki kweli kweli. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja, hapo bado hujahesabu bodi, chesisi na ekseli yenye difu. Ulaya trela ikipita kilo 750, ikiwa na mzigo, lazima iwe na breki zake, na mimi naona hata hapa tufuate hivyo, manake ule mteremko wa kushuka Subukia ukiwa na tani na nusu inakusukuma kutoka nyuma, breki za Hilux zitapata moto mpaka zikatae.

Ushauri wangu ni utumie bodi, na ile chesisi ya nyuma kama imepita mtihani wa nyundo, lakini ekseli ununue ya trela yenye breki za kebo, pamoja na kichwa chake cha kuvutia, na vyote viwe vimetengenezewa trela ya uzito mmoja, usiokote kichwa huku na ekseli kule. Kinavyofanya kazi ni hivi: Hilux ikipunguza mwendo trela inaisukuma, chuma cha kichwa kinarudi ndani, kinasukuma wenzo, wenzo unavuta kebo, shuu (vile vibao vya breki ndani) zinashika drumu. Ndani ya kichwa kuna shokamzoba, bila hiyo utapigwa mgongoni kila ukigusa breki. Lazima pia kuwe na handibreki, na kebo nyembamba ya chuma kutoka handibreki mpaka kwa gari, ili trela ikichomoka kebo ivute handibreki kwanza ndio ikatike. Ifunge kwa tao ba yenyewe (chuma cha kuvutia nyuma ya Hilux), mahali palipochomelewa imara, usiitundike tu kwa boli, ile tufe ya chuma ambayo kichwa cha trela kinakalia.

Kwa kurekebisha, anza kwa shuu ndani ya drumu, kebo zije mwisho. Mafundi wengi wanakaza kebo shuu zikiisha, na hapo ndio gurudumu moja linashika na lingine linaserereka. Ukiendesha kidogo simama uguse kila habu, moja ikiwa moto kuliko mwenzake, breki yake inakwaruza. Na mzigo upange uegemee mbele ya ekseli kidogo, uzito unaokaa kwa boli uwe kama asilimia 5 mpaka 10 ya trela nzima, ukizidi nyuma trela itaanza kuyumba.

Kuhusu polisi: trela inahesabiwa kama chombo peke yake, inasajiliwa NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani) na kupata namba yake inayoanza na Z, haitembei na logbuku ya Land Rover. Nenda uwaulize kabla hujawasha grainda, na ile namba ya chesisi usiiguse kabisa. Taa za breki, indiketa na reflekta, hizo fundi wako anazijua.

SWALI: Fundi, trela yangu iko na breki ya kusukuma lakini nikirudi nyuma inakwama, gari inalia tu. Msomaji, Molo.

JIBU: Hiyo ni kawaida kwa breki za zamani, ukirudi nyuma gari inasukuma kichwa na kichwa kinadhani unasimama. Zingine zina pini ya kuzuia kichwa kisirudi ndani, unaiweka ukirudi kisha unaitoa. Ukiisahau, unaenda barabarani bila breki ya trela. Ukipata nafasi badilisha uweke drumu ambazo shuu zake zinajiachilia zenyewe gurudumu likizunguka kinyume, pini haitahitajika tena.