Swali la lugha: "Ukuaji baada ya kiwewe", watu watakuelewa?

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu. Mie mwanafunzi, nipo Chake Chake, nafasiri lile dodoso la wanasaikolojia Tedeschi na Calhoun la kupima namna mtu anavobadilika kwa wema baada ya kupitia mazito. Watakaojibu ni wakimbizi wa vita wa Congo wanaosema Kiswahili. Nimeandika "ukuaji baada ya kiwewe", na ndani mna "nina nguvu kuliko nilivyodhani", "watu ni wa ajabu" na "imani yangu imeongezeka". Mama kasoma akashangaa. Kuna kosa?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mama yako kaona vizuri, msikilize.

Kiwewe kwetu ni ule mbabaiko, mtu kagongewa mlango usiku wa manane hajui ashike nini aache nini, halafu kinamtoka basi. Wataalamu wa afya ya akili wameshalichukua neno kwa maana yao na kwenye ripoti liache tu, lakini aliekimbia vita akazika mtoto njiani ukimuuliza habari za kiwewe unamdogoshea msiba wake, mwambie "yale yaliyokufika". Na ukuaji ndo kabisa, mtu mzima ana wajukuu unamwambia amekua! Weka "kubadilika", sentensi zenyewe zitaonesha kabadilika upande gani.

"Watu wa ajabu" ondoa leo hii. Waliotunga dodoso walikusudia kwamba mtu kaonja wema wa watu, wewe umeandika watu vituko, na atakaekubali kwa alama 5, ya juu kabisa, atakuwa kakwambia kinyume chake. Andika "nimeona jinsi watu walivyo na utu". Nguvu nayo inaenda mwilini, na kwa mwanamme inaenda pengine kabisa, bora "nimejiona ni imara kuliko nilivyodhania". Usije ukaweka "moyo mgumu" mana huo ni wa asiehurumia mtu.

Imani ndo inataka uangalifu khasa. Huku kwetu mtu husema "namuonea imani yatima yule", yani huruma, kwa hivo mmoja anaweza kujibu kuhusu huruma na mwengine kuhusu dini, na wewe utazijumlisha pamoja. Sema "imani yangu ya dini".

Haya si ya kupambia lugha tu. Dodoso lile la 1996 lina sentensi 21, alama 0 mpaka 5, na lilijaribiwa mwanzo kwa wanafunzi wa chuo Marekani, na majibu yao yakajikusanya mafungu matano: uhusiano na watu, njia mpya za maisha, uimara, mambo ya kiroho na kuthamini uhai. Lilipopelekwa Sarajevo kwa waliokuwa wakimbizi wa vita vya Bosnia, utafiti ukatoka 2003, yale matano hayakujipanga vile, yakaja matatu. Sasa na wewe ukipata tofauti utajuaje kama ni watu au ni maneno yako?

Jengine, ukianza sentensi kwa "kutokana na vita nimepata..." inasikika kama mtu anavishukuru vita, na wapo watakaokasirika, haki yao. "Tangu yanifike yale" ni laini zaidi, ila inapunguza ile maana ya sababu, kwa hivo anaeuliza aieleze kwa mdomo mwanzoni. Na ujue wengi watakujibu Alhamdulillahi au Mungu ni mwema kwa kila sentensi, kwa muumini kusema "sijapata" ni kama kukana neema, usikimbilie kuandika 5, muulize akupe mfano wa jambo lililobadilika.

Halafu mtafute alietoka Congo akusomee yote kabla hujachapisha, mana Kiswahili chao si hiki chetu cha Unguja na Pemba, na mwengine asieliona la Kiingereza alirudishe Kiingereza, mlinganishe sentensi moja moja. Ukimaliza niletee zile zilizobishaniwa tuzitazame pamoja.