Serikali kutaifisha nyumba ya shemeji, je ni dhulma?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Shemeji yangu kafungwa Marekani kwa kuuza picha chafu za watoto kwenye intaneti, serikali imechukua kompyuta, simu na hela za benki, sa hivi wanataka na nyumba anayokaa dada na wanawe. Familia wanasema ni dhulma, keshafungwa inatosha. Na mwaka juzi alitutumia hela tukanunua kiwanja Tanga, je ni halali?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu swali lako limeniuma, mmetaja nyumba, hela na kiwanja lakini wale watoto wa kwenye picha sijaona mnawaulizia popote, na wao ndo wenye kesi.

Mtume (s.a.w.) kakataza pato la uzinzi, hadithi ya Abu Mas'ud al-Ansari kwa Bukhari na Muslim, na hapo anasemwa mtu mzima aliyejiuza mwenyewe, sembuse mtoto asiye na akili ya kukubali wala kukataa? Suratun Nur aya ya 33 inakataza kuwalazimisha wasichana ukahaba kwa kutafuta pato la dunia, ona pato limetajwa humohumo ndani ya aya, maana ndo linalomsukuma mtu. Kwahiyo hela ile haikuwahi kuwa yake hata siku moja na kunyang'anywa si kudhulumiwa. Jela ni adhabu ya alichofanya, kutaifisha ni kumtoa mkononi kisicho chake.

Sheria ya kule inachukua picha zenyewe, faida na kila kilichonunuliwa kwa faida hiyo, halafu na chombo kilichotumika kutenda kosa, kwahiyo hata nyumba ya mshahara halali inaweza kwenda kama biashara ilifanyikia humo. Hapa mimi naona pazito, chombo si sawa na pato, ila hata wao wana mpaka, mwaka 1998 kwenye kesi ya mtu aitwaye Bajakajian mahakama yao ya juu kabisa ilisema kutaifisha kusipite kiasi ukilinganisha na kosa.

Dada yako je? Allah anasema kwenye Al-An'am 164 hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Kama ana haki yake kwenye ile nyumba aidai, na asichelewe jamani, akishapata notisi ya mahakama ana siku 30 tu za kupeleka ombi, leo hii atafute wakili. Ila aseme kweli, asidai nyumba yote ni yake ili kumfichia mume, hiyo sasa ndo dhulma yenyewe.

Kiwanja, muulizeni shemeji hela ilitoka wapi. Kama ni mshahara wake, chenu. Kama ni ile biashara, au imechanganyika, sehemu ile si yenu hata kama hamkujua, dhambi hamna lakini mali haiwi halali kwa kutokujua. Mwanachuoni Ibn Taymiyya alisema hela ya namna hii hairudi kwa aliyelipia haramu, inatolewa kwa maslahi ya watu, na hapa waliodhurika wapo, sheria yao ya 2018 inataka kila mtoto aliyethibitika kudhurika kwa picha hizo alipwe angalau dola 3,000. Pitisheni kwa wakili iwafikie wao. Msikiuze kimyakimya mkagawana, na msianze kujenga mpaka mjue hela ilitoka wapi.