Jibu: Kushinda siku moja ufukweni Carmel-by-the-Sea pamoja na familia

Ndugu muuliza, umesema kwamba katikati ya Julai utakuwa San Francisco na mkeo, watoto wenu wawili wa miaka sita na tisa, pamoja na mama mkwe, na kwamba mmepanga kushinda siku moja katika ufuo wa Carmel-by-the-Sea, mji mdogo kama kijiji katika pwani ya California, kusini mwa San Francisco. Umeuliza kama kuna kiingilio, kama watu wa kawaida wanakaribishwa katika kijiji ambacho kila picha yake inaonyesha majumba ya mamilioni ya dola, kama watoto wataweza kuogelea, na mama mkwe mwenye magoti mabovu atakaa wapi. Nimekwenda pale mara tano katika miaka niliyoishi California, na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, kwa hiyo utaniwia radhi nikijibu kwa kirefu. Niseme mapema tu kwamba hofu yako umeielekeza kusikostahili: unakiogopa kijiji, ilhali cha kuogopwa pale ni maji.

Kiingilio hakuna. Ufuo ule ni mali ya mji, na hata sehemu nyingine za pwani ambako nyumba za watu binafsi zinapakana na bahari, sheria ya California inauhesabu mchanga ulio chini ya wastani wa maji makuu kuwa ni wa umma, na Sheria ya Pwani ya mwaka 1976 inalinda haki ya watu kufika baharini. Hakuna mlinzi atakayekuuliza umetokea wapi. Utashuka Ocean Avenue, barabara inayotoka barabara kuu namba 1 na kuteremka moja kwa moja katikati ya maduka, na mwisho wake utaukuta mchanga mweupe ukiwa umejaa watu wa kila namna, wengi wao wakiwa wageni kama ninyi. Wakazi wenyewe, kwa hesabu ya sensa ya 2020, ni watu 3,220 tu, kwa hiyo siku ya Julai yenye jua mgeni hawezi kuonekana kituko.

Ni kweli kwamba kijiji kina mambo yake. Tangu mwaka 1963 ipo sheria inayotaka mtu apate kibali ndipo avae viatu vyenye visigino virefu kupita inchi mbili na vyembamba, kwa sababu mizizi ya miti imeinua njia za miguu na mji haukutaka kushtakiwa na watu wanaojikwaa. Hakuna anayekwenda kupima visigino vya watu, lakini sababu yenyewe ni ya kweli, na mkeo atakushukuru ukimshauri aje na raba. Jambo lililonisumbua zaidi ni anwani. Kwa zaidi ya miaka 100 nyumba za pale hazikuwa na namba, na barua watu walizifuata wenyewe posta. Rafiki aliyekuwa amepanga nyumba pale alinielekeza kwamba yupo mtaa wa San Antonio, upande wa mashariki, nyumba ya tatu kusini mwa barabara ya Kumi na Mbili, nami nikadhani ananitania. Nilizunguka nusu saa nikiwa na simu mkononi. Kama mtakutana na mtu, kubalianeni kukutana mwisho wa Ocean Avenue, pale penye maegesho na vyoo vya umma.

Kuhusu gari, fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Kutoka San Francisco ni takriban kilomita 190, hivyo itawabidi muondoke mapema. Maegesho mengi ya mitaani nilipokwenda yalikuwa ya bure lakini yana kikomo cha muda, na kikomo chenyewe kinabadilika kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Mimi nilisoma kibao cha upande wa pili wa barabara nikadhani kinanihusu, niliporudi nikaikuta karatasi ya faini imebanwa kwenye kioo. Soma kibao kilicho upande uliosimama, tena ukisome chote.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika.

Mwezi Julai maji ya pale huwa kati ya nyuzi 12 na 15 za sentigredi. Mtu aliyezoea bahari ya joto akisoma tarakimu hizo haoni kitu. Akiingia hadi magotini ndipo anaelewa. Miguu huuma kwanza, kisha hufa ganzi. Ukiingia mwili mzima kwa ghafla, pumzi inakatika na unajikuta unahema bila hiari, na ukihema hivyo wimbi likiwa limekufunika kichwa, unameza maji. Wanaokaa ndani muda mrefu, yaani wanaoteleza juu ya mawimbi kwa mbao, wote utawaona wamevaa suti nene za mpira. Waokoaji wa kukaa zamu ufukweni hakuna. Zaidi ya hayo, ufuo una mteremko: hatua chache kutoka pale maji yanapokufika kwenye vifundo vya miguu, yanaweza kuwa kiunoni mwa mtu mzima, na wimbi linavunjikia karibu sana na nchi kavu.

Nikueleze yaliyompata mdogo wangu. Alisimama akiwa ameipa bahari mgongo ili nimpige picha, na kwa muda wa kama dakika kumi mawimbi yalikuwa yakimfika miguuni tu, mapole kabisa. Mara maji yakarudi nyuma kuliko yalivyokuwa yakirudi, mchanga ukabaki mtupu, na vijiwe vidogo vikawa vinaviringika kufuata maji kwa sauti kama ya mchele unaopepetwa kwenye ungo. Nilikuwa bado natazama kioo cha simu. Wimbi lililofuata lilimpiga mgongoni, likamlaza, na lilipoanza kurudi likawa linamvuta kwa miguu, mchanga ukimomonyoka chini ya viganja vyake kila alipojaribu kushika. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alimdaka mkono wa sweta na kumburuta. Alipoteza kiatu kimoja na simu iliyokuwa mfukoni, na kwa dakika nzima alishindwa kusema neno kwa kuhema. Yote hayo hayakuchukua hata nusu dakika, na siku hiyo jua lilikuwa likiwaka na bahari ikiitwa shwari.

Wenyeji wana jina lao kwa mawimbi ya namna hiyo. Mimi nayaita mawimbi ya kuvizia. Dhoruba iliyo mbali sana katika Pasifiki hutuma mawimbi kwa mafungu, na mafungu mawili yakikutana yanaweza kuungana na kutoa wimbi moja kubwa baada ya utulivu mrefu. Ndiyo maana dakika tano za kutazama hazitoshi. Mkifika, kaeni juu kwenye mchanga mkavu dakika 20 hivi mkitazama alama ya maji imefika wapi, ndipo mtandike mkeka juu ya alama hiyo. Mtazame na jedwali la kupwa na kujaa, kwa kuwa maji ya bamvua yakijaa hula sehemu kubwa ya mchanga. Msiipe bahari mgongo, hata kwa picha moja. Kofia ikichukuliwa, iende. Na kama mtu atavutwa na mkondo unaokwenda nje, asipigane nao kuelekea ufukweni. Aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani ya mkondo, kisha ndipo arudi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni kwamba watoto wale wasiogelee. Wacheze. Mchanga wa Carmel unatokana na miamba ya matale, ni laini mno na unashikamana vizuri ukilowa, na wangu walijenga ngome kwa saa tatu bila kukumbuka kama kuna maji. Mtu mzima mmoja akae kati yao na bahari, uso ukielekea bahari, na zamu hiyo mpokezane kwa kutajana majina, kwa sababu mkiwa watu wazima watatu kila mmoja atadhani mwenzake anaangalia.

Katika jambo hilohilo kuna ufuo mwingine ambao lazima niutaje. Mkiendelea kusini kwa barabara namba 1, kilomita chache tu, mtauona upande wa kulia, mzuri, mara nyingi una nafasi ya kuegesha kando ya barabara, na unaitwa Monastery Beach kwa sababu ya monasteri iliyo ng'ambo ya barabara. Msishushe watoto majini pale. Korongo la chini ya bahari linaanzia karibu kabisa na ukingo, mteremko ni mkali na mchanga wake ni wa chenga zinazoteleza, hivyo aliyeangushwa anashindwa kusimama. Watu wamekufa pale, wakiwemo wapiga mbizi wazoefu.

Baridi ya nchi kavu nayo isikushangaze. Pepo za kaskazini-magharibi wakati wa kiangazi husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, maji baridi ya kilindini yakapanda kuchukua nafasi yake, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu. Ndiyo maana mnaweza kuondoka bara kwenye joto la nyuzi 30 mkakuta Carmel imefunikwa na mnatetemeka. Mara nyingi ukungu hupungua kati ya saa sita na saa nane mchana, na siku nyingine haupungui kabisa. Kama mngeweza kusogeza safari hadi Septemba au Oktoba, ningewasihi msogeze. Mimi nilikwenda na kaptura, na ilinilazimu kununua sweta katika duka ambalo bei zake zimeandikwa kwa maandishi madogo sana. Nadhani wanajua kwa nini.

Mama mkwe asilazimishwe kushuka. Mwisho wa Ocean Avenue mchanga ni mwingi na unazamisha miguu, na ngazi zilizo upande wa kusini ni nyingi kwa magoti yake. Juu ya ufuo, kando ya Scenic Road, ipo njia ya miguu iliyo tambarare kwa sehemu kubwa, yenye mabenchi chini ya miti ya misipresi iliyopindwa na upepo, na akiwa hapo atawaona wajukuu wake chini huku kaskazini akitazama viwanja vya gofu vya Pebble Beach na kusini rasi ya Point Lobos. Akipenda kuona nyumba, mpelekeni kwa gari hadi rasi ya Carmel, mahali ilipo nyumba ya mawe iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright, msanifu majengo maarufu wa Marekani, iliyochomoza baharini kama omo ya jahazi. Inatazamwa kutoka barabarani tu, kwa kuwa ni ya mtu binafsi.

Hukuuliza habari za mbwa, lakini kama watoto wako wanawaogopa, wajue mapema. Carmel inaruhusu mbwa kukimbia ufukweni bila kamba ilimradi wanamsikia mwenye nao, na wapo wengi kwelikweli. Mmoja, mkubwa na mwenye maji tele, alikuja akajikung'uta katikati ya mkeka wetu, akachukua yai la kuchemsha mkononi mwa binti yangu kwa adabu isiyo na kifani, akaondoka. Mwenyewe aliomba radhi mara nne. Chakula kikae ndani ya kikapu chenye kifuniko.

Machweo katikati ya Julai ni karibu saa mbili na nusu usiku, na ukungu ukiwa umeondoka itakuwa vigumu kuwatoa watoto pale. Msipange kuwasha moto wa kuni, kwa kuwa umekatazwa, na sigara pia. Jambo la mwisho ni tochi: mitaa ya makazi haina taa za barabarani kabisa, mizizi ile niliyokutajia haionekani, na gari lenu kwa vyovyote litakuwa limeegeshwa juu mlimani.