Mayai ishirini na tisa

Mwanangu Furaha,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako asikie. Unauliza: kwa hilo banda la Kabare, ufuge Leghorn weupe peke yao, au uwachanganye na wale wekundu wa Rhode Island na kuku wetu wa nyumbani, mayai uyauze sokoni Kadutu, Bukavu. Nami nakuuliza: chakula umeshapima? Kuku anayetaga anakula gramu 100 mpaka 120 kwa siku. Kuku thelathini wanamaliza zaidi ya kilo 3 kila siku, wawe wametaga au wamegoma. Chakula kwanza, kuku baadaye. Najua umechoka kunisikia.

Ila uliposema mayai mekundu, nilimkumbuka yule mama wa Kadutu. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Nilikuwa na plato moja, mayai 30, yote ya wekundu wangu. Akachukua moja, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa, kisha akalivunja kwenye sahani ya jirani yangu. Yai langu! “Tazameni, ganda nje jekundu, ndani jeupe. Amelichovya kwenye chai.” Watu wakacheka. Na kweli ndani ni jeupe, ndivyo yalivyo: ganda hujengwa jeupe, rangi kuku anaipaka mwishoni kabisa kabla ya kutaga. Hayo nilielezwa baadaye. Siku ile nilisimama bubu kama mwizi, nikapanda nyumbani kwa miguu na mayai 29.

Wiki iliyofuata nilimbeba kuku mwenyewe kikapuni, atage mbele yao. Usicheke. Alinya tu. Baba yako anaisimulia kila harusi.

Kwa hiyo ningesema weka weupe tu, uepuke maneno. Leghorn ni mwepesi, anakula kidogo, na kwa kutaga anawashinda wote. Lakini kuatamia hajui, kila kifaranga utanunua, na ni mwoga: sufuria ikianguka, banda zima linaruka. Kuku wetu atakaa siku zake 21 juu ya mayai, hata yakiwa ya mwenzake. Sawa, lakini akiatamia hatagi, na yai lake ni dogo. Halafu wateja wanaamini yai jekundu lina nguvu kuliko jeupe. Si kweli, lakini kubishana na watu wa Kadutu mimi nimeacha.

Ukichanganya, wadogo wape pa kukimbilia, maana watadonolewa. Na kuku uliyemnunua sokoni mtenge kwanza wiki mbili au tatu, hata akionekana mzima. Ule ugonjwa wa kuku, Newcastle, ulivyotumalizia banda kabla ya komunyo yako hujasahau. Unga wa sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, ni chakula kizuri kwao, ila kidogo. Ukizidisha, mteja atakula yai lenye harufu ya samaki na hatarudi.

Sitakuchagulia. Banda ni lako, na pesa ni yako. Ingekuwa mimi, ningeanza na wekundu kumi na majike wawili wa nyumbani... Haya, nimesema sitasema. Baba yako naye anataka weupe, lakini yeye hajawahi kubeba plato hata moja.

Niandikie kwanza gunia la mahindi ni bei gani huko.

Mama yako