Kometi haitafutwi kwa dakika tano: niliyojifunza uani kwangu kwenye baridi ya Minnesota, Marekani

Desemba 2018 nilitoka nje mara tatu kuitafuta kometi ya Wirtanen (kometi ni nyotamkia, donge la barafu na vumbi linalolizunguka jua), na mara zote tatu nikarudi ndani mikono mitupu. Mpaka leo inaniuma. Kometi ile ilipita karibu sana na dunia yetu, kilomita milioni 11 na nusu hivi, na tarehe 16 ilikuwa imekaa baina ya Kilimia na ile nyota nyekundu ya Dabarani. Kilimia! Kundi la nyota ambalo bibi alinionyesha kwa kidole nikiwa mtoto kule Makete, ambalo nalipata bila kufikiri. Nilijua pa kutazama, darubini ya macho mawili ninayo, mbingu safi. Sikuona kitu.

Mwanzoni nililaumu darubini, kisha nikazilaumu taa za mji. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba katika zile mara tatu sikukaa nje hata dakika saba. Baridi ilikuwa inanifukuza kabla macho yangu hayajafunguka. Kwa hiyo ushauri wote nitakaoutoa hapa unalenga jambo moja: kukuwezesha kubaki nje nusu saa na zaidi wakati wa majira ya baridi, kwa sababu ni pale tu ambapo watu wengi huikosa kometi.

Nianze na macho. Jicho lina chembe za kuonea za aina mbili. Zile za mchana, zinazotambua rangi, zimejazana katikati kabisa. Zile za usiku, zinazonasa mwanga hafifu, zimetapakaa kuzunguka pembeni, nazo huchelewa kuamka. Ukitoka sebuleni kwenye taa, zinataka dakika 20 hadi 30 ndipo zifanye kazi ipasavyo. Ukifungua simu sekunde chache tu kuangalia ujumbe, sehemu kubwa ya subira yako imepotea na huna budi kusubiri tena. Mwanga mwekundu hauziumizi sana, ndiyo maana mimi hufunika tochi ya kichwani kwa karatasi nyekundu ya pipi, tabaka mbili, na kuikaza kwa mpira wa pesa.

Sasa baridi yenyewe. Nilikulia mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai sakitu hulala juu ya majani, nikajiona mtu wa baridi. Lakini baridi ya kusimama si baridi ya kutembea. Ukienda kituo cha basi, mwili unajipasha wenyewe kwa mwendo. Ukisimama wima shingo imeelekea juu, baridi inakupanda kutoka ardhini kupitia nyayo, na ikishafika magotini huna hamu tena ya nyota yoyote. Dawa yangu ni kipande cha boksi. Nilikata upande mmoja wa boksi la televisheni, nikaukunja mara mbili, nao ndio ninaousimamia juu ya theluji. Kipande hicho kimenifaa kuliko makoti niliyonunua kwa pesa nyingi. Buti ziwe kubwa kwa namba moja, na ndani soksi za sufu zenye nafasi. Ukijaza soksi mbili kwenye buti linalobana, damu haitembei na vidole vinakufa ganzi upesi zaidi.

Mikononi vaa glavu nyembamba, halafu juu yake zile nene unazoweza kuzivua na kuzivaa. Usiguse chuma kwa mkono mtupu. Katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri kinauma kama kimetoka motoni. Miguu ya stendi ya darubini yangu nimeiviringishia kanga kuukuu, nikaifunga kwa gundi ya karatasi. Chupa ya chai ya tangawizi iwe karibu, mlangoni. Na vidole vikianza kufa ganzi na kuwa vyeupe, ingia ndani. Hapo hakuna mjadala, kometi itakuwepo kesho.

Jambo la taa. Theluji ni kama shuka jeupe lililotandazwa mji mzima, kila taa ya barabarani inagonga chini na kurudi juu. Nilizunguka ua wangu usiku mmoja mpaka nikapata kona nyuma ya gereji ambako hakuna taa inayonipiga usoni moja kwa moja. Ilibaki taa ya mlango wa nyuma wa jirani. Nilimgongea mchana, si usiku, nikamweleza ninachotafuta na nikamwomba aizime kwa saa moja siku nitakazomwambia. Mzee yule alikubali papo hapo, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuja. Usione haya kuomba. Na kwa mwanga unaobaki, jifunike kichwa na darubini kwa kanga nyeusi au shuka zito, kama wapiga picha wa zamani walivyofanya. Ukiwa chini ya kanga hiyo, tofauti utaiona mara moja.

Januari 2023 ikaja kometi C/2022 E3 (ZTF). Iligunduliwa Machi 2022 kwa darubini ya uchunguzi iliyoko Palomar, California, na makadirio yalisema mara ya mwisho kupita huku ilikuwa yapata miaka elfu 50 iliyopita. Ililikaribia jua zaidi tarehe 12 Januari, na ilitarajiwa kutukaribia zaidi tarehe 1 Februari, umbali wa kilomita milioni 42 hivi. Nilijiapiza kwamba hii hainipiti.

Mawingu yalitufunika usiku baada ya usiku. Hatimaye usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari mbingu ikafunguka, na pamoja nayo baridi ikashuka vibaya. Niliweka kengele ya saa kumi alfajiri kwa makusudi, maana mwezi ulikuwa zaidi ya nusu na nilitaka uwe umeshazama. Darubini nilikuwa nimeiacha kibarazani tangu jioni ili ipoe. Kioo chenye joto la sebuleni kikikutana na hewa ya nje, picha inachezacheza kama barabara ya lami mchana wa jua kali.

Ramani niliichora kwenye karatasi kabla ya kulala, nikinakili kutoka Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga. Tumia penseli, wino huganda. Kwenye karatasi hiyo niliweka Kutubu, yaani Nyota ya Kaskazini, nyota chache za Dubu Mdogo, na msalaba mahali kometi ilipotakiwa kuwa, karibu ngumi moja kutoka Kutubu. Ngumi ni kipimo kizuri na huendi kukinunua dukani: nyoosha mkono mbele yako, kunja vidole, upana unaouona ni takriban nyuzi 10 za anga. Tabia hii ya kupima kwa ngumi imenisaidia kuliko mashine yoyote ya kutafutia nyota.

Nikasimama juu ya boksi, kanga kichwani, nikangoja. Dakika kumi za kwanza niliona nyota tu, kali kama ncha za sindano. Nilipofika kama dakika ya ishirini na tano, nikiwa napitisha darubini polepole kutoka Kutubu, kitu kilipita ukingoni mwa jicho. Nikakitazama moja kwa moja, kikapotea. Nikahamishia jicho kwenye nyota iliyo kando yake, kikarudi: kidoa cha mviringo, kama pumzi ya mtu kwenye kioo, katikati pamekolea kidogo. Nikagonga stendi kwa kidole, taratibu. Nyota zikatikisika na kidoa kikatikisika pamoja nazo, na hapo nikajua kimo angani, si machoni mwangu.

Hii ndiyo mbinu ya pili ya lazima baada ya kungoja: usikitazame kitu hafifu uso kwa uso. Zile chembe za usiku hazipo katikati ya jicho, kwa hiyo tazama kando kidogo. Na kugonga stendi husaidia kwa kuwa jicho hunasa kitu hafifu kinachotembea upesi kuliko kilichotulia.

Nilichora nyota tatu na kidoa. Nikaingia jikoni kupasha mikono bila kuwasha taa, nikatoka tena, nikachora mara ya pili saa moja baadaye. Kilikuwa kimesogea nusu ya upana wa mwezi! Kitu kilicho mbali kiasi kile, nami nakiona kikienda, uani kwangu, nikiwa na darubini ya kawaida ya dukani. Nililia, nasema kweli.

Rangi ya kijani uliyoiona kwenye picha usiitarajie. Ipo kweli: mwanga wa jua huivunja na kuichochea gesi yenye atomu mbili za kaboni zilizoshikana, nayo hung'aa kijani kuzunguka kichwa cha kometi, na kwa sababu inavunjika kabla ya kufika mbali, mkia hauwi na rangi hiyo. Ila kamera hukusanya mwanga kwa dakika nyingi, wakati jicho la usiku halitambui rangi. Kwangu kometi ilikuwa ya kijivu. Nimeona watu wakikata tamaa kwa jambo hili, wakidhani wamekosea, kumbe walikuwa wanaitazama yenyewe.

Kuhusu kununua vifaa, nasema kwa msisitizo: anza na darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50 au 7x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kometi ni kitu kipana na hafifu, ukiikuza mno unaipaka nyembamba mpaka inayeyuka kwenye weusi. Mjapani Yuji Hyakutake, mtazamaji wa nyota wa ridhaa, aligundua kometi iliyopewa jina lake mwishoni mwa Januari 1996, katikati ya majira ya baridi, kwa darubini ya macho mawili. Ya kwake ilikuwa kubwa mno, 25x150, lakini ni jamii ileile.

Kioo kikishika sakitu usikifute kwa glavu wala usikipulizie, pumzi yako ndiyo itakayoganda juu yake. Elekeza uso pembeni unapopumua. Ukimaliza, funga darubini ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, kisha ingia nayo na uiache mpaka asubuhi. Unyevu wa ndani utatua juu ya mfuko badala ya vioo. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na kifua, betri haipendi baridi.

Na angalia mwezi kabla ya yote. Jioni ya tarehe 5 Februari kometi ilikuwa karibu kabisa na Ayuki, nyota kubwa isiyopotea, lakini ulikuwa mwezi mpevu na theluji yote ilikuwa inawaka. Nilisimama dakika 40 bila kuona kitu. Siku kama hiyo bora ulale.

Kulikuwa na ndugu nyumbani walioniuliza kama nimekiona "kimondo". Naomba tuyatenganishe haya. Kimondo huwaka hewani na kuisha kwa sekunde chache, na kikibaki jiwe hufika ardhini kama lile la Mbozi. Kometi, au nyotamkia, iko mbali huko angani na hukaa siku na wiki ikihama polepole kutoka nyota hadi nyota. Ndiyo maana inawezekana kukosa leo na kuipata kesho kutwa.

Ijumaa tarehe 10 Februari kometi ilikuwa imefika jirani na sayari ya Mirihi, nayo Mirihi siku zile ilionekana vizuri kwetu na Afrika Mashariki pia. Nikamwandikia dada yangu, anayeishi Pangani. Nikamwambia aazime darubini ya shemeji, ile ya kazini baharini, ashuke ufukweni giza likishaingia, amtafute Mirihi juu upande wa kaskazini, rangi ya chungwa, amweke ndani ya duara la darubini na asisogee nusu saa. Yeye hakuhitaji boksi wala soksi. Saa mbili na nusu usiku kwake, saa tano na nusu asubuhi kwangu, alinipigia niko kazini. "Kaka, nimekiona. Kama pamba iliyochambuliwa, pembeni ya yule mwekundu." Nikamwomba achore kabla hajakisahau, akanitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp.

Jioni hiyo jirani alizima taa yake, akaja amebeba boksi lake mwenyewe, tukasimama nyuma ya gereji. Yeye aliipata kabla yangu. Nikachora, kisha tukaingia ndani na kuweka mchoro wangu mezani karibu na simu yenye mchoro wa dada. Ilibidi niigeuze simu juu chini ndipo zifanane, maana dada alimtazama Mirihi akielekea kaskazini, sisi tukielekea kusini. Nyota zikaoana moja moja. Kidoa peke yake hakikuwa pale alipokiweka. Katika zile saa chache tangu yeye apande kulala, kilikuwa kimehama karibu upana wa miezi miwili. Mzee alichukua penseli yangu akachora mstari kutoka alama ya dada hadi yetu.